Afya Nyumbani: Kabla ya kulipa juu ya meno ya mtoto



Mwaka uliopita binti yangu wa miaka 13 aliacha kucheka. Akiongea alifunika mdomo kwa mkono. Masomoni walimwita "meno ya kutu" juu ya madoa ya kahawia kwenye meno ya mbele. Nilichukua pesa ya likelemba, nikanunua unga wa kung'arisha meno kwa muuzaji mmoja wa soko. Siku ya tatu fizi zikavimba na kutoka damu. Madoa yakabaki palepale.

Ndipo tukaenda kwa muganga wa meno. Alitazama, kisha akauliza: "Akiwa mdogo alikunywa maji gani?" Nikamjibu: ya mvua, kutoka kwenye paa letu hapa Goma.

Akatueleza. Karibu na volkano ya Nyiragongo, maji ya sehemu nyingi yana floridi nyingi, hata ya mvua. Floridi kidogo inalinda meno, lakini Shirika la Afya Duniani linasema isipite miligramu 1.5 kwa litri. Ikizidi wakati jino lingali linajengwa ndani ya ufizi, mpaka karibu miaka 8, jino linatoka na madoa. Si uchafu, wala mtoto hakuwa mvivu wa mswaki.

Tena akasema: dawa ya kung'arisha inasaidia jino lililogeuka manjano. Doa la floridi haliondoi lote, na madoa meupe yanaweza kuonekana zaidi. Jino la bandia halibadiliki rangi hata kidogo. Kwa binti yangu alisugua tabaka nyembamba sana ya juu, akafunika meno mawili kwa resini.

Jirani alikuwa amenishauri vyuma vya meno. Lakini vyuma vinasogeza jino lililopinda, havitoi doa. Vinavuta polepole, kwa sababu mfupa lazima ujijenge upya: mara nyingi mwaka 1 na nusu mpaka 2, na kurudi kwa muganga karibu kila mwezi. Vikitolewa, mtoto anavaa kifaa cha kushikilia meno, la sivyo yanarudi yalikotoka. Anayekuahidi miezi miwili, ao anayefunga waya nyumbani kwake, umukimbie. Jino linaweza kulegea na kung'oka.

Mama, ukitafuta muganga, anza kwenye hospitali kubwa na uulize nani anatibu meno. Kisha uangalie haya:

- Anaonyesha diplome na ruhusa ya kazi bila kukasirika.
- Anatazama mdomo mzima mbele ya kutaja bei. Meno yaliyotoboka yanatibiwa kwanza, vyuma baadaye.
- Anavaa glavu mpya, na vyombo vyake vimesafishwa kwa mvuke wa moto mkali.
- Anaandika bei yote kwenye karatasi, pamoja na siku za kurudi.

Wenye watoto wadogo, kumbukeni: kuchemsha maji kunaua vijidudu lakini hakutoi floridi. Kwenye kituo cha afya muulize ni maji gani ya kartie yenu yamepimwa na kukutwa hayana floridi nyingi, na mtoto mdogo apewe hayo.

Juzi binti yangu alipiga picha na wenzake. Mkono ulikuwa chini.

Tuonane juma lijalo.