Taa ya cheki injini ikiwaka, usikimbilie kununua sensa

Najua wengi mlitegemea leo niendelee na mada ya kuhifadhi mahindi, lakini naomba niiweke pembeni kidogo. Wiki mbili hizi, kwenye mizunguko yangu kuanzia Kakese mpaka Sitalike, wakulima wanne wameniuliza habari za gari kabla hawajaniuliza habari za viwavijeshi. Swali ni lilelile: "Afisa, taa ya injini inawaka, fundi anasema sensa imekufa, ninunue?"

Mimi si fundi wa magari. Nina diploma ya kilimo, na ninachojua kuhusu sensa nimekijua kwa kukilipia. Ila kwenye hili nina msimamo na nitausema wazi: vijana wengi mnaolima kibiashara mnatupa hela kwenye sensa ambazo hazijafa, halafu zile zilizokufa kweli mnazificha kwa kung'oa balbu ya taa. Yote mawili ni hasara, na hilo la pili linaweza kuua mtu.

Ngoja nianze na yangu.

Gari yangu ni Probox ya petroli ya mwaka 2003. Wanaoijua hawahitaji maelezo: inabeba gunia, inabeba matenga, spea zipo kila mahali. Mwaka juzi mwezi wa saba, vumbi likiwa limekolea, taa ya njano ikawaka kwenye dashibodi. Nikaipeleka kwa fundi. Hakuchomeka kifaa chochote. Alisikiliza mlio, akanusa moshi, akasema, "Hii ni oksijeni sensa, mkuu. Tafuta nyingine." Nikanunua ya mtumba kwa shilingi 60,000. Taa ikazima siku mbili, ikarudi. Akasema nimeuziwa mbovu. Nikanunua nyingine kwa 85,000. Ikarudi tena. Wakati huo gari iliyokuwa inakwenda kilomita 14 kwa lita ilikuwa haifiki 10. Mara ya tatu fundi akanipa dawa yake ya mwisho: tung'oe balbu ya taa na tukate masega, "gari ipumue".

Masega, kwa asiyejua, ni lile kopo lililo kwenye bomba la moshi ambalo ndani lina vitundu vingi kama sega la nyuki. (Watu wa Inyonga wataelewa haraka kuliko wote.) Vitundu hivyo vimepakwa madini ya thamani kama platinamu na paladiamu, na kazi yake ni kubadilisha gesi mbaya za injini, ikiwemo kaboni monoksaidi, kuwa gesi zisizodhuru sana kabla hazijatoka nje. Ndiyo maana kuna watu wanazunguka kununua masega. Ukiona mtu anakuambia halina kazi kwenye gari halafu yeye mwenyewe analinunua, jiulize.

Nilikuwa nimekaribia kukubali. Kabla ya siku ya kukata, nikatoka Sitalike jioni na matenga ya nyanya. Buti haikufunga, tukaifunga kwa kamba ikiwa wazi nusu. Kijana mmoja alikaa nyuma kushikilia mzigo. Madirisha tulifunga kwa sababu ya vumbi. Tumefika Mpanda mjini, yule kijana anatapika na kichwa kinampasuka, na mimi kichwa kinagonga. Tukaenda moja kwa moja kupima malaria. Hamna. Mganga akatuuliza swali moja tu: mlikuwa kwenye gari yenye moshi? Sikuona moshi wowote, na hapo ndipo nilipoogopa. Kaboni monoksaidi haina rangi wala harufu. Ukiendesha na buti wazi, upepo unarudisha moshi ndani ya gari. Na kumbe gari yangu ilikuwa na njia nyingine ya kuuingiza.

Kesho yake nikampelekea kijana anayefanya umeme wa magari, ana mashine ndogo ya kusomea kompyuta ya gari. Namba ya kosa ikaja P0171. Maana yake kompyuta inaona hewa ni nyingi na mafuta ni kidogo. Akafungua plagi, zikawa nyeusi tii, zimejaa masizi. Akacheka. "Afisa, hapa kuna mtu anadanganya. Kompyuta inasema mafuta hayatoshi, plagi zinasema yamezidi." Akaingia chini na tochi, na baada ya dakika kumi akanionyesha ufa kwenye bomba la moshi, chini kidogo ya manifodi, kabla ya pale sensa ilipokaa. Jiwe la barabarani, au mtikisiko wa miaka yote hii, sijui.

Jambo lenyewe liko hivi. Sensa ya oksijeni imekaa kwenye njia ya moshi na inapima hewa iliyobaki baada ya mafuta kuungua. Ikiona hewa nyingi inaiambia kompyuta iongeze mafuta, ikiona hewa kidogo inaiambia ipunguze. Bomba likipasuka kabla ya sensa, moshi unavuja kutoka, lakini moshi unakwenda kwa mapigo, na kati ya pigo na pigo hewa ya nje inanyonywa kuingia kupitia uleule ufa. Sensa inaiona hewa hiyo na kuripoti kwa uaminifu kabisa. Kompyuta inaongeza mafuta ambayo injini haiyahitaji. Kwa hiyo sensa yangu ilikuwa nzima muda wote, ilikuwa inasema kweli kuhusu bomba bovu. Kuchomelea kulinigharimu 15,000. Ile sensa ya kwanza nilikuwa sijaitupa, ikarudishwa mahali pake na inafanya kazi mpaka leo. Zile mbili za mtumba ziko ofisini juu ya kabati.

Sasa ndugu yangu mkulima, hili unalijua tayari, ila hujalihamishia kwenye gari. Ukiona mahindi yamekuwa ya njano, unakimbilia kumwaga urea? Wapo wanaokimbilia, na huwa tunagombana. Anayejua anaangalia kwanza: njano imeanzia majani ya chini au ya juu? Imepita katikati ya jani au pembeni? Shamba limetuamisha maji? Mizizi ikoje? Jani la njano linakuambia mmea una shida, halikuambii ununue mfuko gani. Namba ya kosa ni jani la njano. P0171 haisemi "nunua sensa ya oksijeni", inasema hewa na mafuta havijalingana, na kazi ya kutafuta kwa nini bado iko palepale.

Kwa mazingira yetu ya Katavi, kabla ya sensa kuna mambo ninayotaka myaangalie, na la kwanza ni vumbi. Kuanzia mwezi wa tano mpaka wa kumi barabara zetu za mashambani ni unga mtupu. Eya klina inajaa, mtu anaipuliza kwa kompresa wiki baada ya wiki mpaka karatasi inatoboka, kisha vumbi linapita na kukaa kwenye sensa ya hewa, ile mafundi wanaiita eya flo. Ndani yake kuna waya mwembamba sana unaopashwa moto kupima hewa inayoingia. Ukipakwa vumbi unapima vibaya na gari inakosa nguvu. Hiyo husafishwa kwa dawa yake ya kupuliza, inaachwa ikauke yenyewe. Usiiguse kwa brashi, usiipulize kwa kompresa, usiioshe na petroli. Mkulima mmoja wa Majimoto alisafisha ya kwake kwa mswaki, na alitumia hela ya magunia mawili ya mpunga kununua nyingine. Eya klina mpya ingemtosha.

La pili mtacheka: panya. Tunaegesha gari ubavuni mwa ghala au ndani kabisa pamoja na magunia, halafu tunashangaa waya wa sensa umekatika. Nimeona waya uliotafunwa mara tatu mwaka huu. Gari inaleta P0135, yaani hita ya sensa haifanyi kazi. Hita hiyo ipo ili sensa ipate joto haraka, maana bila nyuzi joto kama 300 haipimi kitu. Fuata waya kwa macho na mkono kuanzia kwenye sensa mpaka kwenye soketi yake kabla ya kufungua pochi. Kama waya ni mzima, mwambie fundi apime hita kwa mita, sensa ikiwa imepoa. Kwenye sensa nyingi utapata kati ya omu 5 na 20. Ikionyesha njia imekatika kabisa, hapo ndipo nunua, na wala sitakubishia.

Tatu, gundi. Ukifungua injini hapa mjini, fundi anafungia kwa silikoni yoyote aliyonayo, mara nyingi ile yenye harufu kama siki. Mvuke wake ukiingia kwenye injini unaiua sensa, ncha yake inabaki na unga mweupe. Zipo silikoni zilizoandikwa kwamba ni salama kwa sensa, iulizie hiyo. Ncha nyeusi ya masizi ni mafuta yaliyozidi, ya kijivu au kahawia hafifu ni afya. Ukiitoa sensa iangalie rangi, kama unavyoangalia jani. Ila usiichome moto kuisafisha. Nimeona watu wanafanya hivyo na jiko la mkaa.

Kuhusu mafuta nitasema kwa kifupi. Petroli ya kwenye madumu vijijini hujui imechanganywa na nini. EWURA ilianza kuweka vinasaba kwenye mafuta mwaka 2010 kwa sababu uchakachuaji wa kutumia mafuta ya taa ulikuwa umezidi. Ukilazimika kununua kwenye dumu, nunua ya kukufikisha kituoni, usijaze tenki. Na yule anayesema masega na sensa hazifai Afrika kwa sababu petroli yetu ina risasi, mwambie petroli ya risasi iliondolewa nchi zote za kusini mwa Sahara mpaka kufikia mwanzoni mwa 2006. Huo ni wimbo wa zamani.

Wenye Hilux za dizeli za zamani, zile za injini ya 2L au 3L zenye pampu ya kawaida, hazina sensa ya oksijeni kabisa. Mtu akikuuzia, anakuibia.

Magari ya petroli ya miaka ya tisini mengi hayasomeki na mashine za kisasa, lakini si kwamba hayasemi. Kwenye Toyota nyingi za wakati huo kuna kiboksi chini ya boneti chenye matundu ya TE1 na E1. Yakiunganishwa kwa waya, swichi ikiwa on, taa ya injini inapepesa na fundi anahesabu. Ikipepesa 21 ni sensa ya oksijeni, 25 ni hewa imezidi mafuta. Mafundi wa umri mkubwa wanalijua hili vizuri kuliko vijana wa mashine, msiwadharau.

Narudi kwenye masega, maana ndipo ninapobishana na watu. Nakubali kuna wakati yanaziba kweli. Gari inakosa pumzi mlimani, kopo linawaka moto mpaka jekundu, na mpya hainunuliki kwa hela ya msimu mmoja. Sitamtukana mtu aliyekwama njia ya Karema na mzigo. Ninachokataa ni kukata bila kuuliza kwa nini yameziba. Yanazibwa na plagi inayomisi, injini inayokula oili, au mafuta yanayozidi kama yalivyozidi kwangu. Ukikata na kuacha chanzo, utaendelea kununua petroli ili uitoe kama masizi, na ile gesi iliyomtapisha yule kijana inatoka nyingi zaidi kuliko mwanzo. Na balbu ukiing'oa, siku bomba litakapopasuka tena hutajua. Nyuma ya matenga yako kuna mtoto wa mtu.

Mafundi nao tuwatendee haki. Wengi wanabahatisha kwa sababu sisi hatutaki kulipia kupima. Mtu analipa 85,000 ya sensa ya mtumba bila kulalamika, akiambiwa 10,000 ya kupima anasema ni wizi. Mimi mwenyewe nilikuwa hivyo.

Siku hizi nina kifaa kidogo cha kusomea kinachoongea na simu. Ukitaka cha kwako, kijaribu kwanza kwenye gari yako kabla hujalipa, maana baadhi ya magari ya soko la Japani hayasomeki na vile vya bei ndogo. Alhamisi nitakuwa Kakese kukagua mitego ya viwavijeshi, kuanzia saa tatu. Mwenye taa inayowaka aje na gari, na asiizime betri kabla ya kuja, ukichomoa betri namba inafutika na sitakuwa na cha kusoma.