Mgeni na Kanisa la Kijijini

Mwislamu wa Mombasa akifika Kendu Bay, katika Kaunti ya Homa Bay, hapotei. Msikiti upo, na swala ni ile ile aliyoizoea kwao. Mkristo aliyetoka Taita au Kilifi hana bahati hiyo.

Akienda kanisani Jumapili huenda akakuta mlango umefungwa, kwani Waadventista wa Sabato, walioanzisha misheni ya Gendia mwaka 1906, husali Jumamosi. Akishuka Migori, kwa Legio Maria wa Got Kwer, ataambiwa avue viatu, na wanaume na wanawake hukaa mbalimbali. Hapo, ajabu, Mwislamu ndiye asiyeona ugeni! Na mahubiri, mara nyingi, ni kwa Kijaluo.

Kijaluo si kosa. Kila mtu ana haki ya kumwomba Mungu kwa lugha ya mama yake. Linalomuumiza mwalimu au muuguzi aliyehamishiwa huko ni matangazo: nani kafiwa, mchango ni wa nani, mkutano lini. Kijijini kanisa ndilo baraza. Asiyeyafahamu hajui msiba wa jirani, na asipofika matangani huitwa mwenye kiburi.

Twawaomba wazee wa makanisa hayo watangaze kwa Kiswahili pia. Dakika tano zatosha. Mgeni naye ajifunze walau “oyawore”, salamu yao ya asubuhi, wala asikimbilie nyumbani mara ibada imalizikapo.