Tangi la kioo likivuja, chukua plastiki

Je, ukiamka ukute tangi lako la samaki wa baharini linavuja, utawaweka wapi?

Usikimbilie karai la bati, kwani maji ya chumvi hula bati na kuwatilia samaki sumu. Tafuta sanduku kubwa la plastiki la kuwekea vyakula, ambalo halijawahi kuguswa na sabuni wala dawa. Lisuuze kwa maji matupu, kisha ulitue sakafuni kabla ya kulijaza. Lita 60 za maji ya bahari huzidi kilo 60, ukiliinua huenda likapasuka.

Mimina humo maji yale yale ya tangini na uwashe pampu ya hewa. Funika kwa wavu, maana samaki huruka.

Adui mkubwa sasa ni amonia itokayo kwa samaki wenyewe. Hamisha na mawe ya tangini, kwa kuwa yana vijidudu vinavyoimaliza. Walishe kidogo, na kila siku ubadilishe sehemu ya maji kwa mengine yenye chumvi kiasi kile kile.

Wakarabatie tangi upesi. Sanduku ni hifadhi, si makao.