Sigaa laini: Anayeanza aulize jani, asidanganywe na rangi

KATIKA kijiji cha Kerende, wilayani Tarime, tumbaku si kitu kigeni. Wazee walinusa ugoro na kuvuta kiko miaka mingi kabla ya mgodi wa dhahabu wa North Mara kuanza uzalishaji mwaka 2002, na wapo wakulima wa Tarime na wenzao wa ng'ambo ya Mto Mara, wilayani Serengeti, waliowahi kulima zao hilo ili wapate ada za shule na bati za nyumba. Kilicho kigeni ni sigaa, ile sigara nene inayoviringishwa kwa majani matupu bila karatasi. Hiyo huja na watu: mkandarasi aliyetoka mbali, mgeni anayepita kwenda hifadhini, kijana aliyerudi nyumbani na fedha na mambo aliyoyaona kwenye filamu.

Matokeo yake yanafahamika popote sigaa inapoanza kuingia. Mtu ameuza ng'ombe wawili au amelipwa fedha zake za zabuni, anakaa na wenzake, anataka sigaa yake ya kwanza. Anaonyeshwa boksi. Anachagua iliyo kubwa kuliko zote, kwa sababu bei yake inaonekana na watu wataiona. Au anasikia kwamba nyeusi ni kali, hivyo anachukua ya rangi ya kahawia hafifu na kujiona mwerevu. Haipiti nusu saa jasho linamtoka, kichwa kinazunguka, chakula kinarudi. Wenzake wanacheka. Mwenye duka naye, ambaye mtaji wake umelala kwenye boksi la sigaa 25, anabaki na 24 zisizo na mnunuzi.

Ni rahisi kumlaumu mvutaji kwa kupenda makuu. Lakini lawama kubwa inamwangukia muuzaji, ambaye mara nyingi hajui anachouza, na akiulizwa ipi ni laini hujibu kwa kutazama rangi. Jibu hilo si sahihi. Cha kushangaza ni kwamba mkulima yeyote aliyewahi kuvuna tumbaku anaweza kutoa jibu bora zaidi, ila hakuna anayemuuliza.

Mkulima huyo anaijua nikotini kwa ngozi yake. Anayevuna asubuhi majani yakiwa na umande, bila kuvaa glovu wala shati la mikono mirefu, hupata kizunguzungu na kichefuchefu ingawa hajavuta hata pumzi moja ya moshi. Nikotini imeyeyuka kwenye maji ya jani na kupenya mwilini. Kinachomwangusha mvutaji mgeni ni kitu hicho hicho, isipokuwa yeye amekipata kwa mdomo na amekilipia.

Mkulima anajua pia kwamba majani ya mche mmoja hayalingani. Ya chini hukomaa kwanza, ni membamba, yamepata kivuli cha wenzake, na nikotini yake ni kidogo. Ya katikati ni mapana na yana harufu nzuri. Ya juu hukomaa mwisho, yamepigwa na jua muda mrefu, ni mazito na yananata kwa mafuta. Ukikata ua mche usitoe mbegu, nguvu yote huelekea kwenye majani na ukali huongezeka. Ndiyo maana sokoni, tumbaku inapopangwa madaraja, huangaliwa pia jani limetoka sehemu gani ya mche.

Watengenezaji wa sigaa wa Cuba, Jamhuri ya Dominika na Nicaragua hufuata hesabu hiyo hiyo. Majani ya chini huyaita volado, na kazi yake ni kusaidia moto uwake sawasawa. Ya katikati ni seco, yanayoleta harufu. Ya juu ni ligero, na humo ndimo ukali ulimo. Sigaa laini ni ile ambayo fundi ameweka volado na seco nyingi ndani yake, na ligero kidogo au asiweke kabisa. Kwa hiyo swali la kumuuliza muuzaji ni moja tu: ndani mna ligero kiasi gani? Asipojua, aonyeshe maandishi ya kampuni au orodha aliyonunulia bidhaa hiyo. Akishindwa na hilo, mteja afunge pochi yake.

Sasa rangi. Sigaa ina sehemu tatu: majani ya ndani, jani la kuyafunga, na jani la nje linaloonekana. Jani la nje huchangia sana ladha, lakini kwa uzito ni sehemu ndogo ya sigaa. Sigaa inaweza kuvishwa jani la kahawia hafifu, laini kama ngozi ya mtoto, na ndani ikajaa ligero tupu. Na ile nyeusi inayoitwa maduro mara nyingi imepata weusi wake kwa kuchachushwa muda mrefu na kwa joto zaidi, jambo linalolifanya jani liwe na utamu fulani, na ndani inaweza kuwa ya upole kabisa. Kuchagua sigaa kwa rangi ni sawa na kununua gunia la mahindi kwa kutazama gunia.

Hata hivyo liko jani moja la nje ambalo anayeanza akilisikia anaweza kulitilia maanani, kwa kuwa watengenezaji wengi hulitumia kwenye sigaa zao za upole. Ni jani la Connecticut, lililopewa jina la jimbo la Marekani ambako tangu mwanzoni mwa karne ya 20 hulimwa chini ya mahema ya kitambaa ili jua lisilichome. Siku hizi aina hiyo hulimwa pia Ecuador, ambako mawingu ndiyo hema. Kivuli hulifanya jani liwe jembamba na jororo. Miongoni mwa sigaa zinazovishwa jani hilo ni Macanudo Café ya Jamhuri ya Dominika, inayojulikana duniani kote kama ya kuanzia. Kwa upande wa Cuba, Hoyo de Monterrey na H. Upmann, jina lililoanza mwaka 1844, husifiwa kwa upole kuliko nyingine nyingi za huko. Bolívar na Partagás ni za wenye uzoefu. Toscano ya Italia nayo aikwepe, kwani hutengenezwa kwa jani lililokaushwa kwa moshi wa kuni, kwa namna inayokaribiana na tumbaku ya moshi ya Songea, na mtu wa Songea hahitaji kuelezwa ukali wake.

Hapa wakulima nao watahadharishwe. Asitokee mjanja wa kuwaambia kwamba tumbaku ya mvuke, ile inayokaushwa kwenye bani kwa joto la kuni, inaweza kugeuzwa sigaa na kuuzwa kwa bei ya Havana. Jani la mvuke hubaki na sukari nyingi na soko lake ni viwanda vya sigara za kawaida. Jani la sigaa hukaushwa kwa hewa ndani ya banda lenye kivuli, kisha hulundikwa na kuchachushwa kwa miezi, pengine miaka, hadi harufu kali ya amonia imtoke. Ni mbegu nyingine, kazi nyingine na wanunuzi wengine. Barani Afrika nchi iliyojijengea jina kwa jani la nje la sigaa ni Cameroon, na haikulijenga kwa msimu mmoja.

Tofauti hiyo ya ukaushaji ndiyo inayowaangusha wavutaji wa sigara wanaohamia kwenye sigaa. Moshi wa sigara ya kawaida una uchachu kidogo, na nikotini yake huingia mwilini hasa mtu akiuvuta hadi mapafuni. Moshi wa jani lililokaushwa kwa hewa hauna uchachu huo, na nikotini yake hupita kwenye ngozi laini ya ndani ya mdomo bila kusubiri mapafu. Mvutaji wa sigara aliyezoea kuvuta hadi ndani, akifanya hivyo kwa sigaa, anajipiga mara mbili. Moshi wa sigaa huwekwa mdomoni, ukaonjwa, ukatolewa. Na isivutwe mfululizo kama mtu anayepuliza jiko. Pafu moja kwa dakika linatosha. Ikipata moto sana hata iliyo laini hugeuka chungu.

Kuhusu ukubwa, urefu huandikwa kwa inchi na unene kwa namba ambayo ni sehemu ya 64 ya inchi. Sigaa yenye namba 50 ina unene wa karibu milimita 20, na yenye 42 ni karibu milimita 17. Inayoitwa Churchill ina inchi 7 na humchukua mtu zaidi ya saa moja; hiyo si ya kuanzia hata kama ni laini namna gani, maana ukali hujikusanya kadiri moto unavyosogea mdomoni. Inchi 4 na nusu hadi 5, kwa unene wa 42 hadi 50, inatosha. Nyembamba kupita kiasi nazo zina shida yake, kwani huwaka haraka na kuunguza ulimi.

Mfanyabiashara mdogo wa Kerende, Nyamongo au Mugumu anayefikiria kuweka bidhaa hii asianze na boksi la 25. Zipo pakiti za sigaa tano. Aanze na aina moja tu iliyo laini, aone kama wateja wapo kweli au ni maneno ya jioni. Na kabla ya kulipa ajiulize atazitunza wapi. Sigaa hutaka unyevu wa asilimia 65 hadi 72 na ubaridi wa nyuzi joto kama 18 hadi 21. Ikipangwa kwenye kabati la kioo linalopigwa na jua la Agosti, pembeni ya soda na betri, itakauka ndani ya siku chache, na ikikauka itawaka kwa joto na kuwa kali. Hapo mteja aliyeuziwa laini atasema ameibiwa, na atakuwa na haki. Kopo la plastiki lenye mfuniko unaobana, na ndani yake sifongo yenye unyevu wa maji yaliyotoneshwa, isiyogusa sigaa, hufanya kazi hiyo kwa gharama ndogo. Joto likizidi mno, mayai ya fukusi wa tumbaku huanguliwa, na mdudu huyo hana habari kwamba bidhaa imetoka Havana.

Bandia nazo zipo. Jina linaloigwa sana ni Cohiba ya Cuba. Boksi la Cohiba lenye mfuniko wa kioo ni bandia bila mjadala, kwa kuwa Cuba haiziuzi namna hiyo. Boksi halali la Cuba lina muhuri wa dhamana wa rangi ya kijani. Anayeletewa bidhaa ya bei poa kutoka mpakani, isiyo na karatasi za ushuru, anajitafutia hasara mbili, ya mtaji na ya sheria.

Liko neno moja ambalo wauzaji hulitumia vibaya, nalo ni hilo la laini. Laini ni sifa ya ladha na ya kiasi cha kizunguzungu. Haina maana ya usalama. Sigaa moja kubwa inaweza kuwa na tumbaku sawa na pakiti nzima ya sigara, na saratani ya mdomo, ya koo na ya umio humpata mvutaji wa sigaa hata asiyeingiza moshi mapafuni. Nchi za Umoja wa Ulaya zilipiga marufuku maneno kama laini na hafifu kwenye pakiti za sigara mwaka 2003, na Marekani ikafuata mwaka 2010, baada ya kuonekana kwamba wanunuzi walikuwa wakidhani wamepata nafuu ya kiafya. Mwenye duka anayemwambia mteja kwamba sigaa laini haina madhara anamdanganya. Na asiyevuta kabisa hana sababu ya kuanza kwa kuwa tu imepatikana iliyo ya upole.

Sheria ya Tanzania ya mwaka 2003 inayodhibiti bidhaa za tumbaku inakataza kumuuzia mtu aliye chini ya miaka 18, na sigaa imo. Mtoto anayetumwa dukani na baba yake arudishwe mikono mitupu, baba aje mwenyewe.

Kwa yule mtu mzima ambaye ameshaamua, na hapa Kerende hawatakosekana, asivute akiwa na njaa. Ale kwanza ugali wake, akae kwenye kiti mahali penye hewa, mbali na watoto, na karibu yake pawepo na kikombe cha chai yenye sukari ya kutosha. Pombe kali aiache kwa siku hiyo. Kichwa kikianza kuwa chepesi au mate yakijaa mdomoni, aiweke chini hapo hapo, ikiwa imefika nusu au haijafika, anywe chai yake. Haina haja ya kusagwa kama kishungi cha sigara. Ikiachwa kwenye kisahani huzimika yenyewe.