Toka Kamina mpaka milima ya Kibara: tuhesabu siku, si kilomita

Kila mwaka shule zikifunga, mwanzo wa mwezi wa saba, hapa Kamina maneno ni yale yale. Mwenye jamaa Lubumbashi anatuma watoto Lubumbashi. Mwenye gari anasema: "Mwaka huu tutakwenda kuona milima ya Upemba." Kisha anachukua simu, anahesabu kilomita, anagawanya na mwendo wa gari, anapata siku mbili. Hapo safari imekwisha kuharibika, na bado hajaweka hata lita moja ya mazuti.

Mimi nilikuwa mmoja wao. Miaka miwili iliyopita shemeji yangu, mwenye jipe nzuri, alitupangia siku nne kwenda na kurudi. Tulitoka saa kumi ya alfajiri. Bukama tulipita bila kushuka. Mama yangu, aliyezaliwa kando ya ziwa Kisale, aliona Lualaba kwa dirisha tu. Mbele ya Bunkeya tulikuta lori limekwama katikati ya barabara, huku na huku hakuna pa kupita. Tulilala ndani ya gari. Asubuhi siku zilikuwa zimetuishia, tukageuza. Njiani mama hakusema kitu. Tulipofika nyumbani ndipo akauliza: "Sasa hiyo milima mliyoniambia iko wapi?"

Shemeji alilaumu lori. Mimi nalaumu hesabu yetu. Katika njia zetu lori lililokwama si ajali, ni jambo la kila juma, na mtu anayepanga safari bila kuliwekea siku yake amepanga safari ya inchi nyingine.

Chukua ramani na rula. Toka Kamina mpaka Bukama, kwa mstari ulionyooka, ni kama kilomita 110. Toka Kamina mpaka Lusinga, kituo cha Parki ya Upemba kule juu, ni kama 240. Inaonekana karibu! Lakini katikati kuna Lualaba, maziwa ya Kisale na Upemba, na vinamasi vya bonde la Kamalondo, ambako gari halipiti. Lazima kuzunguka: Bukama, Luena, Lubudi, Nguba, Likasi, kisha kupanda tena upande wa kaskazini kwa njia ya Bunkeya na Kiubo. Bukama uko chini ya mita 600 juu ya bahari. Lusinga uko zaidi ya mita 1,700. Ni kushuka ngazi zote za nyumba na kupanda za nyumba nyingine, na mtu anataka kufanya hivyo kwa mbio, na wazee na watoto ndani ya gari.

Ushauri wangu ni huu: siku ya kwanza iishie Bukama, hata mkifika saa nane mchana. Shukeni. Kuleni bukari na samaki, mkae karibu na maji. Mji wetu wenyewe ni mtoto wa mahali hapa: reli toka kusini ilifika Bukama mwaka 1918, watu na mizigo wakiendelea kwa mashua kwenye Lualaba, na ni baadaye tu, mwaka 1928, njia ya kuelekea Ilebo ilipomalizika kwa kupita Kamina. Mahali hapo ndipo pa kuwasimulia watoto pia habari za Sanga. Sanga haiko kwenye njia yetu, iko chini zaidi, kando ya Kisale, lakini maji mnayoyatazama yanakwenda huko. Mwaka 1957 wataalamu walianza kuchimba makaburi ya kale pale, wakapata vyungu na mapambo ya shaba ya watu walioishi zaidi ya miaka elfu moja iliyopita. Watoto wetu wanajua mapiramidi ya Misri kwa majina. Waulize Sanga, uone.

Luena na Lubudi sina mengi ya kusema. Ni siku ya barabara na vumbi, ipite. Likasi ni tofauti: kaeni siku nzima. Fundi atazame gari, nunueni pine ya pili ya akiba, jazeni bidoni, kwa sababu toka hapo kuelekea kaskazini usitegemee kituo cha mafuta. Mablanketi vilevile. Watu wa Kamina wanasahau kwamba mwezi wa sita na wa saba, kule juu, usiku ni baridi ya kweli.

Kiubo, ambako mto Lufira unaanguka kama mita 60 kwa upana mkubwa, mpe siku mbili. Maporomoko hayatazamwi kwa dakika kumi na picha moja. Asubuhi ni maji mengine, jioni ni mengine. Kisha ndipo milima ya Kibara, uwanda wa juu wenye majani mafupi na upepo, na ardhi inakatika kushuka kuelekea Kamalondo. Huko Lusinga wako punda milia, na sijui mahali pengine katika Kongo yetu ambapo mtu anaweza kuwaona porini. Parki hiyo ilianzishwa mwaka 1939. Mbelgiji G.-F. de Witte na watu wake waliitembea toka 1946 mpaka 1949, miaka mitatu, wakiandika wadudu, vyura na majani. Sisi wenye inchi tunataka kuimaliza wikendi.

Najua neno mtakalonijibu: usalama. Mna haki. Upande wa Mitwaba umeteseka sana na Mai-Mai, na walinzi wa parki wameuawa, pamoja na mkuu wa Upemba mwenyewe mwaka 2012. Siambii mtu afumbe macho. Nasema kwamba ni mwenye siku nyingi ndiye anayeweza kuwa na hekima. Aliye na siku nne hawezi kungojea Likasi siku mbili mpaka habari nzuri ifike, anajitupa tu. Ulizeni ICCN mbele ya kutoka, ulizeni tena Likasi, ulizeni madereva wa malori, ambao wanajua kuliko ofisi zote. Wakisema geuzeni, geuzeni bila haya.

Hapo pia nina neno kwa wakubwa wetu. Toka mwaka 2015 Katanga imekuwa majimbo manne, na safari hii moja inapita matatu: Haut-Lomami, Lualaba na Haut-Katanga. Kila mpaka una barieri, na kila barieri ina watu wanaotaka kuona karatasi, hata ya mama mzee anayekwenda kutazama maji. Watawala wanapenda kusema neno utalii katika mikutano. Basi waanze na vitu viwili visivyoomba pesa nyingi. Majimbo haya matatu yakubaliane karatasi moja ya familia inayosafiri, isomwe barieri zote. Na kila siku ya kwanza ya juma hali ya barabara isomwe kwenye redio: wapi daraja limevunjika, wapi lori limelala, wapi askari wamefunga. Lami tutaingojea, tumekwisha kuzoea kungojea. Lakini habari ya njia haihitaji lami.

Kwa sababu parki ambayo wakaaji wa Kamina, Bukama na Malemba-Nkulu hawajapata kuiona, kwao ni mahali pa makatazo tu: usivue, usikate mti, usichimbe. Mwindaji haramu akija kuchoma kule, nani atapiga kelele? Mtu analia kwa kitu alichokiona kwa macho.

Nyumbani mwetu tumeanza kuweka mazuti kando, bidoni moja kila mwezi. Shemeji amekubali siku kumi na mbili, ingawa alinung'unika. Tutatoka mwezi wa saba, baada ya chai, si alfajiri. Mama amekwisha kusema kwamba Bukama atashuka yeye wa kwanza, na asiharakishwe.