Jiriwa na Mtihani

Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014, toleo la 2023, imetamka kwamba sekondari iwe na mkondo wa amali kando ya mkondo wa jumla. Na tangu mwaka 2024 zimekuwapo shule ambamo mwanafunzi wa kidato cha kwanza hutiwa katika mkondo huo, uhandisi ukiwa miongoni mwa fani zake. Ni jambo jema. Mwalimu Nyerere alidai elimu ya namna hii katika Elimu ya Kujitegemea mwaka 1967, nasi tukamsifu, tukamsoma, tukamjibia mitihani kwa kalamu.

Lakini sera hiyo hiyo imeiacha sekondari mikononi mwa Kiingereza, na hapo ndipo nisipokubaliana nayo.

Na tushuke Gerezani, Kariakoo. Mtoto aliyekulia kandokando ya karakana zile ajua jiriwa hubana nini, keekee hutoboa nini, na kwa nini bati hukunjwa polepole juu ya ukingo wa chuma. Yote hayo ameyapata kwa lugha aisemayo. Si mbali na hapo, kwa mwendo wa miguu, ipo Taasisi ya Teknolojia ya Dar es Salaam, iliyoanza mwaka 1957 kwa kufundisha ufundi. Mtoto huyu hupita mbele ya lango lake kila siku, wala haingii, kwa kuwa aliulizwa habari za jiriwa kwa jina asilolijua.

Wako wasemao Kiswahili hakina istilahi. Wasemao hivyo aghalabu hawajapata kuazima bisibisi. Fuawe, tupa, randa, patasi, timazi, lehemu: je, haya si maneno? Spana ilitoka Uingereza, na leo hapana fundi aionaye ngeni. Kiingereza chenyewe kilikua kwa kuazima vivyo hivyo. Yaliyopungua na yatafutwe. BAKITA tunalo tangu 1967.

Kwamba mhandisi atahitaji vitabu vya kigeni, nakubali. Basi afundishwe Kiingereza vema, kiwe somo, na mwalimu wa Kiingereza. Kumfundisha kazi ya wenzo kwa lugha asiyoielewa ni kumnyima wenzo na lugha pia.

Nataka jambo moja lijaribiwe. Mtahini asimame mbele ya jiriwa, ampe mtahiniwa kipande cha chuma kilichopinda, amwulize kwa Kiswahili kimepindaje na kitanyoshwaje, naye ajibu kwa Kiswahili na kwa mikono. Majibu hayo yakisha kuwekwa kando ya yale ya karatasi ya Kiingereza, nitakuwa tayari kubishana na yeyote juu ya nani ana akili ya uhandisi na nani hana.