NYUMBA IKIVUNJIKA, MFANYA KAZI AWE NA KARATASI



Wako watu wasemao kwamba chama cha wafanya kazi hakina shauri na mambo ya chumbani. Kazi yetu, wasema, ni mshahara, saa za kazi na likizo, basi. Sisi hatukubali. Mshahara tunaoupigania waenda wapi ukishapokewa? Waenda nyumbani: kodi ya chumba Kawangware, unga, karo ya watoto, na kiwanja kidogo kilichonunuliwa kwa kujinyima. Nyumba ikivunjika, jasho la miaka ishirini laweza kupotea kwa siku moja. Kwa hiyo jambo hili ni letu.

Mara nyingi twaona makosa mawili. Mwanamke hutoka na watoto na godoro, akisema hana haki ya kitu kwa kuwa hati ya kiwanja ina jina la mume. Mwanamume naye hudhani kwamba akimrudisha mke kwa wazazi wake, ndoa imekwisha. Wote wawili wamekosea, na kosa hilo lina gharama.

Kwanza, ndoa. Sheria ya Ndoa ya mwaka 2014 yatambua ndoa za namna tano: ya Kikristo, ya serikali, ya kimila, ya Kihindu na ya Kiislamu. Zote zatakiwa kuandikishwa. Aliyeoa kimila asidhani mahari yatosha. Aende kwa Msajili wa Ndoa, Sheria House, apate cheti. Kadhalika ndoa haivunjwi kwa barua, wala kwa matusi, wala kwa kufungasha virago. Waislamu hufuata sheria ya dini yao na huenda kwa Kadhi. Wengine hupeleka maombi kwa hakimu, nao lazima waonyeshe sababu, kama uzinzi, ukatili wa mwili au wa moyo, au kwamba ndoa imevunjika kabisa. Walioana kimila waweza kwanza kusuluhishwa na wazee.

Pili, mali. Tarehe 27 Januari 2023 Mahakama ya Juu ilitoa hukumu mbili, zote juu ya mali ya hapa Nairobi, na kila mwanachama yampasa kuzijua.

Ya kwanza ilihusu nyumba na vyumba vya kupangisha huko Tassia. Mahakama Kuu ilikuwa imempa mke asilimia 30 ya nyumba na asilimia 20 ya vyumba. Mahakama ya Rufani ikampa nusu, na Mahakama ya Juu ikaiacha nusu hiyo. Lakini sikilizeni sababu. Majaji walisema kwamba usawa wa mume na mke ulioandikwa katika Katiba hauna maana ya kugawana nusu kwa nusu kila mara. Kila mmoja lazima aonyeshe mchango wake. Mke yule alipata nusu kwa kuwa ushahidi wake ulitosha.

Ya pili ilitoka Riruta, Dagoretti. Mwanamume na mwanamke walikaa pamoja tangu 1986, zaidi ya miaka ishirini, kwa ule utaratibu wa njoo tukae. Walipoachana, mwanamume alidai sehemu ya mali iliyokuwa kwa jina la mwanamke, akisema ni mumewe. Mahakama ikakataa kuwahesabu kuwa mume na mke, maana mwanamke alikuwa na ndoa nyingine kabla, ambayo haikuvunjwa. Hata hivyo, kwa sababu mwanamume alikuwa ametoa mchango, alipewa asilimia 30, na mwanamke 70. Kukaa pamoja miaka mingi si cheti, na ndoa ya zamani isiyovunjwa humfuata mtu kama kivuli.

Basi mchango ni nini? Sheria ya Mali ya Ndoa ya mwaka 2013 yasema wazi kwamba si fedha tu. Kupika, kufua, kulea watoto, kusimamia duka, kulima shamba, yote ni mchango. Twaisifu sheria hiyo. Kila asubuhi dada zetu hutembea kwa miguu kutoka Kawangware na Kangemi kwenda kufua nguo za watu Lavington na Westlands. Huko kazi ile ina bei. Jioni hufanya kazi ile ile nyumbani kwao, kisha siku ya ugomvi huambiwa hawakufanya kitu. Huo ni uongo, na sheria imeukataa.

Lakini nani atoaye risiti ya kufua nepi? Hapo ndipo penye uzito, nasi twaona hukumu ile yamwelemea zaidi asiye na mshahara. Mpaka hapo patakaporekebishwa, tuwe na akili. Wekeni karatasi za mshahara, za mkopo wa Sacco, za M-Pesa, risiti za karo, za saruji na za fundi. Majirani waliokuona ukijenga ni mashahidi. Tena jueni kwamba ndoa ikiwa bado ipo, mmoja hawezi kuuza nyumba ya ndoa bila idhini ya mwenzake, wala kumfukuza humo bila amri ya mahakama.

Tatu, watoto. Sheria ya 1959 iliyomlazimisha baba kumtunza mtoto wa nje ya ndoa ilifutwa na Bunge mwaka 1969, na akina mama wengi wakaachwa na mzigo peke yao. Leo Katiba ya 2010 na Sheria ya Watoto ya 2022 zasema wazazi wote wawili wana wajibu sawa, wameoana au hawakuoana. Mwanachama asimfanye mtoto fimbo ya kumpigia mwenzake.

Asiye na fedha za wakili asikate tamaa. FIDA huwasaidia wanawake, na Kituo cha Sheria kimewasaidia maskini tangu 1973. Nasi twawataka viongozi wa matawi wadai kwa waajiri kwamba siku ya kuitwa mahakamani isikatwe mshahara.

Jumapili hii, kabla ya ugomvi wowote, mume na mke wakae pamoja, watoe karatasi zilizo chini ya godoro, wazisome, waziweke katika bahasha moja. Wenye kupatana hawatapungukiwa na kitu kwa kufanya hivyo.